Vikundi vya Watoto na Viumbe Adimu katika Njia ya Misafara

Vikundi vya watoto vya kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka vilienea Tanzania katika robo ya mwisho ya karne ya 20. Magharibi mwa nchi vilikuta historia ndefu ya uwindaji. Goweko, kituo cha Reli ya Kati kilicho mashariki ya Tabora katika Wilaya ya Uyui, kimo katika ukanda wa misitu ya miombo ambako misafara ya pembe za ndovu ilipita kati ya pwani na Ujiji.

Katika karne ya 19 Unyanyembe, karibu na mji wa leo wa Tabora, ilikuwa njia panda ya biashara hiyo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, humo Unyanyembe, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga nyumba na maghala. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe hadi Bagamoyo, zikavushwa Zanzibar, kisha zikapelekwa India, Ulaya na Marekani kutengenezea bangili, vibonye vya piano na mipira ya biliadi. Kadiri tembo walivyopungua kandokando ya njia, ndivyo wawindaji walivyozidi kusogea magharibi, hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Utawala wa Wajerumani ulitoa sheria ya uwindaji mwaka 1896, chini ya Gavana Hermann von Wissmann, ikadai leseni ya kulipia na kutenga mapori ya akiba. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na zama za wapagazi zikakoma. Waingereza, waliotawala baada yao, waliendeleza mtindo uleule wa mipaka na askari. Mwanakijiji aliyezoea kuwinda kwa ajili ya kitoweo akahesabiwa jangili, na mnyama akaonekana kuwa mali ya serikali. Hisia hiyo ilidumu hata baada ya uhuru, nayo ndiyo iliyofanya elimu ya uhifadhi kwa watoto iwe kazi ngumu na ya lazima.

Septemba 1961 Mwalimu Julius Nyerere, aliyewahi kusoma Tabora, alitoa Tamko la Arusha la uhifadhi, lililoeleza kwamba wanyamapori ni amana ya vizazi vijavyo. Miaka sita baadaye sera ya Elimu ya Kujitegemea ilizitaka shule ziwe na mashamba na miradi yake. Hivyo jembe, maji na saa za kazi za kutunzia kitalu cha miche vilikuwapo kabla vikundi vya uhifadhi havijafika. Kenya ilitangulia kuunda vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi mwaka 1968. Tanzania ilifuata mwaka 1980 kwa Klabu za Malihai, zenye makao makuu Arusha.

Mkondo wa pili ulitokana na Gombe, mkoani Kigoma, ambako mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe Julai 1960. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana nyumbani kwake Dar es Salaam, na mkutano huo ukazaa Roots & Shoots, mtandao ulioenea katika zaidi ya nchi 60. Kila kikundi hujichagulia kazi ya kuwafaa watu, wanyama na mazingira ya mahali pake. Mwaka 1994 ulianza mradi wa TACARE katika vijiji vya jirani na Gombe. Mradi huo uliunganisha upandaji miti na afya, maji na kipato, kwa kuwa msitu wa sokwe ulikuwa ukikatwa na watu wenye shida zao.

Katika miombo ya Tabora, kazi inayowafaa watoto inatokana na mambo yanayoharibu makazi ya wanyama. Ukaushaji wa tumbaku hula kuni nyingi, na mizinga ya magome huua miti inayobanduliwa. Kitalu cha shule chenye miti ya kuni inayokua haraka hupunguza mzigo kwa msitu wa asili. Mninga huhitaji subira zaidi: mche wake hukauka juu ya ardhi kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa, na asiyejua huung'oa akidhani umekufa. Kuhusu tai, ambao hufa kwa mizoga iliyotiwa sumu, watoto huweza kuwaelimisha wafugaji. Kuwagusa wanyama, kutegua mitego au kuwafuata majangili si kazi yao. Taarifa hupitia kwa mwalimu mlezi na serikali ya kijiji.

Ujangili mkubwa ulionyesha mipaka ya kazi hiyo. Hesabu ya tembo nchini ilishuka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014, na magenge yenye silaha yalihitaji kukabiliwa na dola. Mwaka 2019 sehemu ya Pori la Akiba la Ugalla, kusini-magharibi mwa Tabora, ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Askari hulinda ndani ya mipaka ya hifadhi. Nje yake, kwenye mashamba, malisho na misitu ya vijiji, ulinzi unategemea wakazi, na hapo ndipo vikundi vya shule vina nafasi ambayo sheria ya 1896 haikuwapa watu wa kawaida.