Tawala zilipita Amani, muhogo ukabaki

Mwaka 1913 bei ya mpira iliporomoka katika soko la dunia. Walowezi wa Kijerumani walikuwa wamejaza mashamba ya Tanga na kwingineko miti ya Manihot glaziovii, mpira uliotokea Ceará nchini Brazili, na ghafla wakajikuta na mti usio na mnunuzi. Mpira wa Asia ulikuwa bora na wa bei nafuu. Wengi waling'oa wakapanda mkonge, wengine waliiacha miti ijiotee. Mwaka huohuo Albrecht Zimmermann, mkuu wa kituo cha utafiti cha Amani, alichapisha kitabu kizima kuhusu mpira huo. Alikuwa amemaliza kulisoma zao hilo wakati zao lenyewe linakata roho.

Amani iko Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali pa ukungu, mvua na kona za barabara zinazotia kizunguzungu. Serikali ya Kijerumani ilianzisha kituo hapo mwaka 1902, chini ya Franz Stuhlmann, mtu aliyewahi kusafiri bara na msafiri mashuhuri Emin Pasha. Kazi haikufichwa: kutafuta mazao ya kuwatajirisha walowezi na viwanda vya Hamburg. Waliotesha mikahawa, mikwinini, kafuri, viungo na mamia ya miti kutoka kila pembe ya dunia yenye joto, wakaacha bustani ambayo hadi leo ni miongoni mwa kubwa kabisa barani Afrika. Walikuwa na jarida lao, Der Pflanzer. Robert Koch mwenyewe, aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alipita hapo akichunguza maradhi yanayoenezwa na wadudu.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga bahari, kituo kiligeuka kiwanda. Magome ya mikwinini yaliyopandwa kwa majaribio yalichemshwa kuwa dawa ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na maabara zikatoa sabuni na mahitaji mengine ambayo meli hazikuweza kuleta tena. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Usambara. Hawakujua la kufanya na mahali hapo. Kwa miaka kadhaa kituo kilisinzia, mpaka tume ya Uingereza ya William Ormsby-Gore, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ikalalamika wazi kwamba ni aibu kuachia hazina kama hiyo ioze. Ndipo fedha zikapatikana, mkurugenzi mpya William Nowell akaletwa mwaka 1926, na wataalamu wakaanza kupanda mlima, mmoja baada ya mwingine.

Kwa maoni yangu miaka kumi na mitano iliyofuata ndiyo bora kuliko yote katika historia ya Amani, ingawa vitabu vingi hupenda kusimulia zama za Wajerumani. Watu wachache mno walikaa kwenye mlima mmoja, kila mmoja na fani yake, wakalazimika kula pamoja na kusikilizana. P. J. Greenway alikusanya mimea na majina yake ya Kiswahili, akatoa kamusi ya majina hayo kuanzia mwaka 1937. Majina hayo yalitoka vinywani mwa wenyeji, waganga, wakulima na wawinda nyuki ambao ukurasa wa jalada haukuwa na nafasi yao. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo, alizunguka Afrika Mashariki akaona jambo ambalo mkulima yeyote wa Usukuma angemwambia bure: kutoka kilele cha kilima hadi bondeni udongo hubadilika kwa mpangilio uleule, mwekundu juu, wa kijivu katikati, mweusi wa mbuga chini, na kila tabaka linamtegemea jirani yake. Tofauti ni kwamba Milne aliliandika, akalichora kwenye ramani ya mwaka 1936, akaliita katena. Wanafunzi wa udongo duniani kote bado wanalisoma.

Halafu alikuwepo Harold Storey. Huyu alikuja Amani mwaka 1928 kutoka Afrika Kusini, ambako alikuwa ameonyesha kwamba milia ya mahindi huenezwa na mdudu mdogo mrukaji, Cicadulina mbila. Amani aligundua kitu cha ajabu zaidi. Baadhi ya wadudu hao hawawezi kueneza ugonjwa hata wakinyonya mmea mgonjwa siku nzima, na udhaifu huo hurithiwa na watoto wao. Storey alichukua sindano nyembamba, akamtoboa mdudu wa aina hiyo utumboni, kisha akamwachia mmea mgonjwa. Mdudu aliyekuwa hana madhara akaanza kueneza ugonjwa. Ukuta wa utumbo, basi, ndio uliokuwa ukivizuia virusi. Fikiria kazi hiyo: mdudu wa milimita chache, mkono usiotetemeka, na taa ya maabara ya mlimani. Kwa jaribio hilo moja tu jina lake lingetosha kubaki vitabuni.

Lakini kilichofika sahanini mwa watu ni muhogo. Batobato, ugonjwa unaokunja majani na kuyapiga mabaka ya manjano, ulikuwa ukila mashamba, na inzi weupe ndio waliokuwa wakiusambaza. Katikati ya miaka ya 1930 Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walikusanya aina za muhogo kutoka nchi nyingi wakizitafutia yenye kinga. Baadhi zilivumilia kuliko nyingine, ila hakuna iliyotosheleza. Wakaamua kutoka nje ya muhogo kabisa, kwa ndugu zake wa porini. Na ndugu mmoja alikuwa amejaa tele pembeni mwa barabara za Tanga: ule mpira wa Ceará uliotupwa na walowezi.

Kuivusha mimea hiyo miwili, yaani kuuchavusha mmoja kwa chavua ya mwingine, si kazi ya msimu mmoja. Uzao wa kwanza wa muhogo na mpira una kinga, lakini mizizi yake ni kamba tupu, hakuna cha kumenya wala kuchemsha. Inabidi uzao huo uvushwe tena na muhogo, na watakaozaliwa wavushwe tena, na tena, kila mara ukiteketeza maelfu ya miche na kubakiza michache yenye kinga na yenye mizizi ya kuliwa. Nichols aliisukuma kazi hiyo hadi miaka ya 1940, D. L. Jennings akaipokea mwanzoni mwa miaka ya 1950. (Jennings huyohuyo baadaye alikwenda Uskoti akawa bingwa wa kuzalisha rasiberi. Maisha ya wanasayansi wa mimea yana mikondo ya kuchekesha.) Mwaka 1956 mbegu kutoka kwa mmea wake mmoja, uliopewa namba 5318/34, zilipelekwa Nigeria. Huko Ibadan ulichaguliwa mche mmoja miongoni mwa iliyoota, ukaandikwa 58308. Mwaka uliofuata, 1957, mradi wa muhogo Amani ulifungwa.

Nani angekumbuka? Makao makuu ya utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki yalikuwa yameshahamia Muguga, karibu na Nairobi, na mimea iliyokaushwa ya Greenway ilikuwa imekwenda Nairobi mwaka 1950. Amani ilikuwa imekabidhiwa watu wa malaria, chini ya Donald Bagster Wilson. Nao hawakuwa wadogo. Wilson alishikilia swali lililowaudhi wengi: ukipunguza malaria bila kuimaliza, je, huwavui watu kinga waliyoijenga utotoni? Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 nyumba za Pare na Taveta zilipuliziwa dieldrin, dawa ya kuua wadudu, na vifo vya watoto vilipungua. Mbu aina ya Anopheles funestus alitoweka, pengo lake likazibwa na binamu yake rivulorum, asiye na madhara makubwa kwa watu. Mick Gillies, aliyefanya kazi Amani na Muheza, aliandika pamoja na Botha de Meillon kitabu cha mwaka 1968 kuhusu mbu wa malaria wa kusini mwa Sahara, ambacho vizazi vya wataalamu wa mbu vilikitumia mpaka kurasa zikalegea. Baada ya uhuru Watanzania nao wakaanza kuchapisha kwa majina yao, akiwemo Philip Wegesa, mtafiti wa usubi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kituo kikabaki na Tanzania, na sheria ya mwaka 1979 ikakiingiza katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Taratibu kazi ikateremka Muheza, karibu na hospitali na wagonjwa. Mlimani yakabaki majengo, vitabu na watunzaji. Watafiti wa jamii, akiwemo Wenzel Geissler, wamepanda kuzungumza na wafanyakazi wa zamani wa maabara, na kituo kilichokuwa kikitafiti kikawa chenyewe kinatafitiwa.

Si kila kilichopandwa Amani kilikuwa heri. Msizi, Maesopsis eminii, uliopandwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, ulipata mwanya pale misitu ya Usambara ilipokatwa mbao, ukajitawanya mpaka wahifadhi wakaingiwa na hofu juu ya miti asilia isiyopatikana kwingineko. Hifadhi ya mazingira ya asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997 ilirithi tatizo hilo pamoja na uzuri wote.

Tukirudi Ibadan: mwaka 1967 ilianzishwa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, IITA, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mzalishaji wake wa muhogo, S. K. Hahn, alianza kuvusha ule mche 58308. Humo zikatoka aina zilizofunika Nigeria, TMS 30572 ikiwa maarufu kuliko zote. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato ya ukali usiojulikana kabla ilizuka Uganda, ikasambaa kuelekea pwani za Ziwa Victoria za Kenya na Tanzania. Wakulima wa wilaya nyingi waliacha kabisa kupanda muhogo. Aina zilizoletwa kuwaokoa zilitoka Ibadan, zikapewa majina ya Uganda, na Migyera, inayoitwa pia Nase 3, ndiyo ileile TMS 30572. Damu ya Usambara ilirudi Afrika Mashariki ikiwa na cheti cha Afrika Magharibi, na wengi waliopanda pingili hizo hawakuwahi kusikia jina la Amani.

Batobato si adui pekee. Storey alieleza pia, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi ardhini huku majani yakidanganya kwamba mmea ni mzima. Kwa miongo mingi ulihesabiwa ugonjwa wa pwani na mabonde ya chini. Kuanzia mwaka 2004 hivi ukajitokeza Uganda, kwenye miinuko ambako haukutarajiwa. Kinga yake imeonekana kwenye aina iitwayo Namikonga, inayopandwa kusini mwa Tanzania. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba Namikonga ni ndugu pacha wa Kaleso ya pwani ya Kenya, nayo Kaleso ni 46106/27, mmoja wa mimea ya Amani. Wazalishaji wa mbegu Tanzania wameivusha Namikonga na Albert, aina inayoelemewa na michirizi, ili wajue ni sehemu zipi za urithi zinazobeba kinga hiyo. Kazi iliyobaki ni kuikusanya kinga ya batobato na ya michirizi kwenye pingili moja yenye muhogo mtamu, unaoiva upesi na usiomchosha mpishi.