Manjano ya udongo ndani ya nyumba zetu za Bweremana

Ukitoka Goma kwa barabara ya Sake unasafiri juu ya mawe meusi ya volkano. Karibu na Sake yenyewe unapita penye lava ya Nyamulagira ambayo, katika mlipuko wa mwaka 1938 hadi 1940, ilishuka mpaka ikaingia ziwani Kivu. Ndiyo maana watu wa Goma wanajengea mawe meusi. Lakini ukishapita Sake kuelekea Shasha na Bweremana, udongo unabadilika. Pale ambapo barabara imekata mlima unaona udongo mwekundu, wa kahawia, na mahali fulani wa manjano kabisa. Katika makala hii tunataka kusema juu ya huo wa manjano, kwa sababu uliingia ndani ya nyumba zetu zamani kabla ya mkebe wa rangi ya dukani.

Tulianza kuufikiria darasani. Siku moja tuliwauliza wanafunzi wataje majina ya rangi katika Kiswahili bila kuazima. Walishika tatu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Nyingine zote zinaitwa kwa jina la kitu: rangi ya majani, rangi ya kahawa, rangi ya majivu. Hata manjano ni jina la kiungo cha kupikia, ile binzari ya watu wa pwani. Na hapa kwetu wengi hawasemi hata manjano, wanasema jone, kutoka Kifaransa. Basi kijana mmoja akasimama akasema: “Mwalimu, kumbe wazee wetu hawakuijua hii rangi, ni wazungu waliileta.” Wengine wakamkubali. Kosa hili si lake peke yake. Tumelisikia pia kwa watu wazima wenye diploma.

Ni kweli kwamba nyumba za zamani, zile za mviringo za miti, matete na majani, hazikuwa na ukuta wa kupaka. Manjano ya ndani ilikuwa ile ya mikeka, ya matete yaliyokauka, ya vikapu. Wakati wa ukoloni watu walipangwa kando ya barabara, nyumba za pembe nne zenye kuta za potopoto zikaenea. Hapo ndipo mama wa nyumba alipata ukuta ulionyooka, na ukuta ulionyooka unaomba kupakwa.

Kazi yenyewe tumeiona tangu utoto. Mwanaume anasimamisha miti, anafunga fito, watu wanakandika potopoto. Ikikauka inapasuka kama kisigino. Kutoka hapo kazi ni ya wanawake. Udongo wa manjano unachimbwa chini ya ule mweusi wa shamba, unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa ili mawe madogo yatoke. Unalowekwa katika maji mpaka uwe kama uji mzito. Wengine wanaongeza mavi ya ng’ombe ili usipasuke, wengine majivu. Halafu unapakwa kwa kiganja, si kwa burashi, na ukisimama karibu na ukuta wakati mlango uko wazi utaona nusu duara za kiganja, moja juu ya nyingine, toka chini hadi juu. Chini kabisa, kiasi cha goti, wanapaka mkanda mweusi wa masizi au wa makaa, sababu pale ndipo watoto wanaweka miguu na ufagio unapiga. Jikoni hapapakwi, moshi ungeyala yote kwa wiki moja. Manjano ni ya chumba cha wageni.

Kwa nini manjano na si nyekundu, ambayo ni rahisi zaidi kupata? Mama mzee mmoja alitujibu kwa kifupi: “Nyekundu inalalisha nyumba.” Nyumba ya potopoto ina dirisha dogo, pengine haina. Ukuta mwekundu unameza mwanga kidogo unaoingia mlangoni. Wa manjano unaurudisha. Ndiyo sababu ulipakwa upya kabla ya Noeli, kabla ya wageni wa posa, na baada ya matanga kuisha.

Wanafunzi wetu wa kemia watafurahi kujua kwamba udongo wa manjano na ule mwekundu ni ndugu. Wote wanapata rangi kutoka chuma. Katika ule wa manjano chuma kimeshikana na maji, madini yake yanaitwa goethiti. Ukiuchoma, maji yanatoka, inabaki hematiti, na udongo unakuwa mwekundu. Kila anayechoma matofali analijua jambo hili bila kujua majina yake: anaingiza tanurini tofali la manjano, anatoa jekundu.

Desturi hii ni ya nani? Wahunde, Wahavu, Watembo, Wahutu, Watutsi, kila mmoja tuliyemuuliza alisema ni ya nyanya yake. Sisi hatutaandika jina la kabila moja hapa. Mambo ya “ni ya kwetu” yamekwisha kutugharimu vya kutosha Masisi. Tunajua tu kwamba kupamba ukuta kwa udongo hakuna mpaka. Kule Gisaka, mashariki ya Rwanda, kuna imigongo, michoro ya pembe inayofinyangwa kwa mavi ya ng’ombe na majivu kwenye ukuta wa ndani, kisha kupakwa hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu, yaani zile tatu zenye majina. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalikaribia kuizima. Wanawake waliobaki hai upande wa Nyarubuye wakaiinua tena kwa ushirika.

Sasa turudi kwa mkebe. Tuliosoma shule ya msingi wakati wa Zaire tulisalimu kila asubuhi bendera ya kijani yenye duara la manjano, na kwa muda mrefu rangi hiyo kwetu ilikuwa ya serikali tu. Baadaye rangi ya mafuta ilijaa madukani, na mwenye nyumba ya simenti akaona aibu kushika udongo. Hatumlaumu, rangi ya mafuta inafutika kwa kitambaa na haiachi vumbi kwenye nguo ya mgeni. Lakini manjano ya mafuta mara nyingi imetengenezwa kwa kromati ya risasi. Hapa risasi si ile ya bunduki, tunayoijua mno, bali madini yenyewe. Rangi ikibanduka, mtoto anaweka vipande mdomoni, na risasi inaharibu ubongo wake polepole. Umoja wa Mataifa unapendekeza isizidi sehemu 90 katika milioni. Kwenye mikebe tunayouziwa hatujaona namba hiyo. Udongo wa nyanya, wenye chuma tu, haukuwa na shida hii.

Februari 2024, mapigano yalipofika karibu na Sake na barabara ya Goma ikafungika kwa Shasha, familia nyingi zilitukimbilia. Nyuma ya shule mama mmoja wa Masisi alisimamisha kibanda cha miti na shitingi. Upande wa ndani alikandika ukuta wa potopoto unaofika magotini, shitingi ikianzia juu yake. Wiki mbili baadaye tulikuta ameupaka manjano, na nusu duara za kiganja zake zilionekana. Tukamuuliza:

“Mama, mtakaa hapa siku ngapi?”

“Sijue, mwalimu. Ila siwezi lala mu nyumba yenye haiko ya kupaka.”

Januari 2025 Minova, kisha Goma, ziliingia mikononi mwa M23. Tuliporudi shuleni shitingi haikuwapo, miti imeng’olewa, na yule mama hatujamwona tena. Ukuta wake wa magotini ulisimama peke yake katika uwanja mpaka mvua za mwezi wa nne.