Dzaleka na Baraka: majina mawili ya kwetu

Kila ninapojaza fomu, penye mahali pa kuzaliwa naandika Dzaleka. Niliandika hivyo miaka mingi bila kuwaza, mpaka mwalimu wetu wa Kichewa alipolichambua neno ubaoni: "-leka" ni kuacha, "-dza-" ni wakati ujao. Ndidzaleka, nitaacha. Majirani zetu Warundi hawakuhitaji somo hilo, maana kwao kuacha ni kureka.

Nani aache nini? Kabla ya kuwa kambi, Dzaleka ilikuwa gereza, wilayani Dowa, kilomita 40 na kitu kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda walifungwa humo wapinzani wa kisiasa, wengine bila kufikishwa mahakamani. Jina husimuliwa kama ahadi ya mfungwa: nitaacha, sitarudia. Mimi naongeza tahadhari moja: sarufi inathibitisha kitenzi, haisemi ni nani aliyekitamka. Banda alishindwa uchaguzi Mei 1994, na mwaka huohuo mahali hapo pakawa kambi ya wakimbizi. Leo tumo zaidi ya 50,000, wengi wetu Wakongo.

Baba alitoka Fizi, Kivu Kusini. Kishamba alichokodi kwa mwanakijiji nje ya kambi, hatua 30 kwa 20 (nimezipima mwenyewe), alikiita Baraka. Mwenye ardhi alidhani anamshukuru Mungu. Kumbe Baraka ni mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, ambako babu aliuza ndagala. Mama akisema, "Nendeni Baraka mkapalilie," wageni kutoka Fizi hushtuka.

Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa masharti, likiwemo la kuzuia mahali pa kukaa. Machi 2023 lilitoka agizo kwamba wakimbizi waliokaa mijini warudi Dzaleka. Shangazi, aliyekuwa na duka la unga na sabuni Lilongwe, alirudi na mizani na godoro. Jioni moja nilimweleza, kwa majivuno ya mwanafunzi, maana ya jina. Akaniuliza:

"Mimi nimefanya nini, mwanangu, hata niambiwe niache?"

Nilinyamaza. Msimu uliofuata Baba alimgawia upande wa kusini wa Baraka, akapanda maharagwe. Upande ule yeye anauita Lilongwe.