Misitu ya mababu Kasongo na Kabambare: makuta ya wafadhili yanapitia wapi?

Katika teritware za Kasongo na Kabambare, kila ukoo unajua mto gani ao kilima gani ni mpaka wa pori lake. Ndani yake kuna makaburi ya wazee, mahali pa tambiko, dawa na mashamba. Shida ni moja: mpaka huo unakaa kichwani mwa wazee, si kwenye karatasi. Mzee akifa, anakwenda nao.

Sheria inasema nini?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20/7/1973 iliweka udongo wote mikononi mwa Serikali. Kifungu chake cha 389 kiliahidi agizo la Rais juu ya haki za wale wanaokaa kimila. Miaka ikapita, agizo halikutoka.

Mlango ulifunguka kwa upande wa misitu. Sheria ya misitu ya mwaka 2002, kifungu cha 22, inaruhusu jamii kupewa pori inalolishika kimila. Dekreti namba 14/018 ya tarehe 2/8/2014 ikaeleza namna ya kulipata. Msitu wa jamii, ambao wengi wanauita CFCL, unaweza kufika ekta 50.000. Unatolewa bure na kwa milele. Hauuzwi wala haukodishwi.

Nani anahesabiwa kuwa jamii? Ni watu wanaoishi kufuatana na mila, wanaounganishwa na ukoo ao undugu, na wanaoshikamana na udongo wao. Basi Wabangubangu, Wazimba ao Wakusu wanaweza kuomba. Kwa Wabatwa na ndugu zao, kuna tena sheria namba 22/030 ya tarehe 15/7/2022, inayolinda haki zao juu ya ardhi na mali ya asili.

Hati ni bure, njia ya kuipata si bure

Maombi yanapelekwa kwa gavana wa jimbo, pamoja na ramani ya pori na karatasi za kuonyesha kwamba wakaaji walikutana na kukubaliana. Majirani wanapaswa kujua na kukubali mipaka. Kisha jamii inaunda vyombo vyake: mkutano wa jamii, komite ya kusimamia, komite ya kuchunguza, na baraza la wazee.

Yote hayo yanadai makuta: kutembea pori zima na mashini ya GPS, kulisha watu siku za mikutano, kusafiri mpaka Kindu. Ni hapo msaada wa wafadhili unahitajika.

Makuta yapo, lakini yanafika kidogo

Mwezi wa 11 mwaka 2021, kule Glasgow, Uingereza, kwenye mkutano wa dunia juu ya hali ya hewa, serikali 5 na mashirika 17 ya wafadhili, kati yao Ford Foundation, waliahidi dola miliare 1,7 mpaka mwaka 2025. Ilikuwa kwa kusaidia watu wa asili na jamii za mahali kushika na kulinda misitu yao. Mwaka huohuo wa kwanza dola milioni 321 zilitoka. Kati ya kila dola 100, ni 7 tu zilifika moja kwa moja kwa mashirika ya jamii zenyewe. Zingine zilipitia kwa wengine: serikali, ONG kubwa, na mashirika ya kimataifa.

Sababu inajulikana. Mfadhili anataka shirika lenye karatasi za serikali, konti ya benki, na ripoti kwa lugha yake. Vijiji vingi havina hayo, basi ONG inasimama katikati.

Mfano wa jirani

Kivu Kusini, shirika Strong Roots, lililoanzishwa mwaka 2009 na Dominique Bikaba, mwana wa eneo la Kahuzi-Biega, linasaidia machifu na wakaaji kupata hati za misitu ya jamii kati ya Kahuzi-Biega na Itombwe. Wanyama wanapata njia ya kupita, na wenyeji hawafukuzwi. Ni tofauti na mbuga ya taifa, kama ile ya Lomami iliyoundwa mwaka 2016 upande mwingine wa Maniema: mbuga inasimamiwa na ICCN, msitu wa jamii unasimamiwa na wenyeji wenyewe.

Hati haifiki chini ya udongo

Wakaaji wa Salamabila wanajua jambo hili tangu kampuni Banro ilipochimba dhahabu Namoya. Hati ya msitu haitoi haki juu ya madini. Hayo ni ya Serikali. Lakini jamii yenye hati ina ramani na komite ya kusema kwa jina lake pale kampuni inapofika. Jamii isiyo na karatasi, mara nyingi mtu mmoja anasaini kwa ajili ya wote.

Maulizo ya kuuliza kabla ya kusaini

ONG ikifika na mradi, wakaaji wana haki ya kuuliza. Hati itaandikwa kwa jina la nani? Makuta ni ngapi, na ngapi yatabaki kijijini? Nani atashika ramani? Wanawake na Wabatwa wamekaa ndani ya mkutano, ao wamehesabiwa tu kwenye karatasi? Na mradi ukiisha, nani atalinda pori?

Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya watu wote, kwa lugha wanayosikia.