Holotipu, yaani Kielelezo cha Jina

Mbawakawa mpya avumbuliwapo juu ya mlima mrefu, jina lake halithibiti kwa maelezo peke yake, hata yakiwa marefu na fasaha kiasi gani. Sharti mtaalamu ateue mdudu mmoja miongoni mwa aliowakusanya, amtaje bayana katika maandiko yake, na kumweka katika hifadhi ambako maulamaa wengine wataweza kumkagua. Mdudu huyo mmoja ndiye aitwaye holotipu. Wenzake waliotajwa pamoja naye huitwa paratipu.

Haja ya sharti hilo hudhihirika katika milima ya Afrika Mashariki, ambako Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walikusanya wadudu mwaka 1911 na 1912, wakafika Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mbawakawa wengi wa ardhini waishio juu ya misitu, penye baridi kali na upepo, wamepoteza mabawa ya kurukia. Na kwa kuwa nyanda za joto zilizo chini hawawezi kuzivuka, kila mlima umekuwa kwao mithili ya kisiwa, na kila jamaa imebadilika peke yake kwa dahari nyingi. Hata hivyo, kwa sura ya nje hufanana mno. Tofauti hutafutwa kwa hadubini, katika mifereji na vitundu vya bawa gumu la juu, na zaidi katika kiungo cha uzazi cha dume, ambacho hutolewa kwa uangalifu na kuhifadhiwa pamoja na mwili wake. Ikizuka shaka baada ya miaka hamsini kwamba chini ya jina moja zimechanganywa spishi mbili, hukumu haikatwi kwa kauli ya mwandishi, bali kwa kumrejea holotipu: spishi aliyomo yeye ndiyo yenye haki ya jina.

Mdudu mkubwa huchomwa pini katika bawa gumu la kulia. Mdogo hugandishwa kwa gundi juu ya karatasi ngumu. Chini yake hufuatana vikaratasi vyenye mahali alipopatikana, kimo cha mahali hapo, tarehe na jina la mkusanyaji, na kwa desturi kimoja chekundu huonyesha kuwa huyu ndiye holotipu.

Amma kuhusu tafsiri, asili ya neno ni Kiyunani: *holos*, yaani nzima, na *typos*, yaani chapa. Anayefasiri sehemu hizo mbili moja moja hupata "aina kamili", akapotoka, maana holotipu si aina, wala si lazima awe mkamilifu; aweza kuwa amevunjika mguu, au mdogo kuliko wenzake wote, na haki yake isipungue. "Mfano bora" nao wapoteza kwa sababu iyo hiyo. Lugha yetu ina kielelezo, neno ambalo mahakamani ni kitu kiwekwacho mbele ya hakimu kuthibitisha dai. Na dai hapa ni jina. Kwa hiyo tafsiri iliyo sahihi ni kielelezo cha jina, na paratipu waitwe vielelezo wenza.

Nawasihi walimu na wahariri waliandike neno holotipu pamoja na tafsiri hiyo, wala wasilifasiri kwa "aina" kamwe, ili mwanafunzi asidhani kuwa spishi nzima na mdudu mmoja ni kitu kimoja.