Kabla ya kompyuta, herufi S ya Ushirombo ilitoka begani kwa fundi

Ukitoka Kahama kuelekea Lusahunga, barabara ileile ya malori ya Rwanda na Burundi, lazima upite Ushirombo. Angalia vibao. Saluni, gesti, gereji, duka la vifaa vya wachimbaji. Siku hizi vingi ni mabango ya plastiki yaliyoprintiwa. Ila kwenye ukuta wa duka la kizamani bado unaweza kukuta rangi ya mafuta iliyopauka, herufi za mkono, na hakuna jina la aliyeziandika.

Wale ndo walikuwa madizaina wa kwanza wa miji kama hii, japo hakuna aliyewaita hivyo. Vifaa vyao: chaki, kamba, brashi na kopo la rangi. Mstari ulionyooka haukuwa ishu. Kamba inapakwa chaki, inavutwa pande mbili, inaachiwa, pah, mstari huo. Herufi O ilitoka kwa msumari na kamba. Shughuli ilikuwa kwenye S, maana S haina msumari. Hapo fundi alisogea nyuma kidogo, akazungusha mkono mzima kutoka begani bila kusita. Akisita katikati, brashi inaacha nundu, na nundu hiyo inaonekana mpaka ng'ambo ya barabara.

Nundu hiyohiyo iliwanyima usingizi watengeneza magari wa Ufaransa. Bodi ya gari ilichorwa kwa vipimo vya mbao na kuchongwa modeli, na kila iliponakiliwa umbo lilibadilika kidogo. Mwaka 1959, akiwa Citroën, mwanahisabati Paul de Casteljau alipata njia ya kuueleza mpindo wowote kwa nukta chache tu. Kampuni ikaifanya siri. Kwa wapinzani wao wa Renault, injinia Pierre Bézier akafika karibu palepale, na yeye akachapisha kazi yake miaka ya 1960. Kwa hiyo dunia nzima leo inasema "mpindo wa Bézier". De Casteljau alifariki mwaka 2022, na nje ya wataalamu wachache, madizaina wengi wanaotumia akili yake kila siku hawajawahi kulisikia jina lake. Siri ya mwajiri ilimponza.

Kutoka kwenye magari, hesabu hiyo ilihamia kwenye karatasi. Adobe walileta PostScript mwaka 1984, Illustrator ikafuata 1987, CorelDRAW 1989. Hata herufi unazosoma sasa hivi kwenye simu yako ni mipindo ya aina hiyo.

Turudi Ushirombo. Mwaka 2012 Wilaya ya Bukombe ilitolewa Shinyanga ikaingizwa kwenye Mkoa mpya wa Geita. Yaani kibao chochote kilichoandikwa "Mkoa wa Shinyanga" kikawa kimepitwa na wakati siku hiyohiyo. Kazi za kuandika upya zipo, lakini kadiri miaka ilivyoenda zimezidi kuhamia steshenari, kwa dogo mwenye kompyuta, printa na programu ambayo pengine haikulipiwa.

Na hapo ndo patamu. Mteja anataka bango la mita tatu lenye Ngao ya Taifa. Dogo anaipakua mtandaoni, picha ndogo, anaivuta ikue, na zile pembe za ndovu zinageuka ngazi za pikseli. Hakuna ujanja, inabidi azichore upya kwa ile kalamu ya vekta. Wengi wanaharibia hapa. Wanabofya, wanabofya, wanabofya, pembe moja ina nukta 30, na kila nukta ni nundu yake.

Aliyeiva anaweka nukta shinani na nyingine nchani, basi. Kila nukta ina mkono, na mkono ndio unaosema mstari uelekee wapi na kwa nguvu gani. Urefu wake uwe kama theluthi ya mpindo wenyewe. Panapotakiwa ulaini, mikono miwili ya nukta moja ikae kwenye mstari mmoja. Panapotakiwa ncha kali, kama kwenye mwali wa mwenge, unaivunja. Duara zima linahitaji nukta nne tu, mikono ikiwa na urefu wa 0.552 ya nusu kipenyo. Kihesabu hilo si duara kamili, ila jicho la mpita njia halina habari.

Kuna wanaobonyeza kitufe ili programu ifuatishe picha yenyewe. Inakuletea mamia ya nukta. Kwenye skrini unaona safi kabisa. Peleka sasa kwenye mashine ya kukata stika. Kisu kinasitasita kwenye kila nukta, pembeni panatoka meno, na stika ya bodaboda inaharibika mbele ya mwenyewe. Ni kosa lilelile la fundi aliyesita na brashi ukutani.

Na aliyezichora pembe zile mara ya kwanza je? Mei 2017, mzee mmoja maarufu kwa jina la Mzee Ngosha, aliyesema ndiye mchoraji wa Ngao ya Taifa, alifariki Dar es Salaam. Alikuwa akiishi maisha magumu sana, na nchi ilimjua siku zake za mwisho tu. Wengine wakajitokeza kusema mchoraji halisi ni mtu mwingine. Mabishano hayo yametokea kwa mchoro ulio kwenye pasipoti na kwenye barua zote za serikali.

Kwenye mchoro huo mwanaume ana karafuu miguuni, mwanamke ana pamba, na pamba inalimwa hapohapo Bukombe. Dogo wa steshenari akimaliza kuzipinda pembe zote mbili, chini kabisa ya bango anaandika namba ya simu ya duka, kwa herufi ndogo. Jina lake haliweki.