Ukiona Daraja, Umepita

Mwaka nilioacha chuo kikuu kabla ya kumaliza, niliendesha teksi ya programu kwa miezi saba. Gari lilikuwa la mjomba, Vitz nyeupe yenye kioo cha pembeni kilichoshikiliwa na selotepu. Usiku mmoja nilimbeba mama mmoja kutoka Muthurwa kuelekea Kayole, magunia mawili ya viazi kwenye buti. Tukiwa Spine Road, sauti ya simu ikasema nigeuke kulia baada ya mita mia tatu. Mimi mita mia tatu siijui kwa macho. Wewe unaijua? Nikaangalia skrini nione kona yenyewe ni gani, manake mbele kulikuwa na vichochoro vitatu vimefuatana kama vidole. Niliporudisha macho barabarani, mkokoteni ulikuwa ndani ya taa zangu, hauna hata kipande cha kitu kinachong'aa, na mwenyewe ameinama akivuta.

Breki zilishika. Tulisimama karibu naye kiasi kwamba niliweza kusoma maandishi kwenye fulana yake. Hakunitukana. Alinitazama tu, akaendelea kuvuta mzigo wake. Mama akanyamaza kidogo huko nyuma, kisha akasema, "Kijana wangu, hiyo simu igeuze uso chini. Nitakuonyesha. Enda tu mpaka uone duka la mbao, mlango wa kijani. Hapo ndipo utaingia. Ukiona daraja, umepita."

Nilifika bila kutazama kitu kingine ila barabara. Tangu usiku huo nimekuwa na swali moja lisiloniacha: ni nani aliyeamua kwamba mashine ielekeze watu kwa mita, wakati kila binadamu ninayemjua huelekeza kwa duka la mbao?

Nilipoanza kusoma historia yake nilitarajia kuanzia kwa setilaiti. Kumbe hadithi inaanza mwaka 1901, Marekani, kwa kitabu. Charles Gillette wa Hartford, Connecticut, alichapisha Automobile Blue Book, kitabu cha njia kwa wenye magari. Siku hizo magari yalikuwa machache, barabara nyingi hazikuwa na kibao chochote, na mgeni akitoka mjini kwao alikuwa amepotea tayari. Kitabu kilimpa umbali kutoka mahali pa kuanzia, kisha alama: posta, kanisa, shule, reli, njia panda yenye hoteli kwenye pembe. Sasa fikiria mambo yalivyokwenda ndani ya gari lenyewe. Dereva hawezi kusoma na kuendesha. Kwa hivyo mwenzake, mara nyingi mke au rafiki, alishika kitabu na kusoma kwa sauti: tukifika kanisani, kata kushoto. Uelekezi wa sauti kwa alama za njiani ulikuwapo kabla ya kompyuta yoyote. Konda alikuwa wa nyama na damu.

Watu walijaribu kumwondoa huyo konda mapema sana. Mwaka 1909 kukatokea kifaa cha J. W. Jones wa New York kilichoitwa Live-Map. Unaweka sahani ya karatasi ngumu yenye maelezo ya njia, inaunganishwa na gurudumu kwa waya, na kadiri gari linavyokwenda sahani inazunguka ikikuonyesha mahali ulipofika. Sahani moja ilitosha maili 100, kisha unasimama unabadilisha. Wengine walichapisha vitabu vya picha, kila kona na picha yake, ili dereva alinganishe kilichoko kwenye karatasi na kilichoko mbele yake. Halafu mwaka 1926 serikali ya Marekani na majimbo yake wakazipa barabara kuu namba, na vibao vikasimamishwa. Kanisa na posta havikuhitajika tena. Fuata namba tu. Vitabu vya njia vikafa.

Mimi nadhani hapo ndipo kosa lilipoingia, ingawa wakati huo halikuwa kosa. Namba zinafanya kazi pale ambapo kuna vibao. Wahandisi waliokuja baadaye kutengeneza mashine za uelekezi walikulia katika nchi zenye vibao kila kona, wakadhani dunia nzima iko hivyo.

Honda walitangulia mwaka 1981 huko Japani kwa kifaa kilichotumia jairoskopu ya gesi na ramani zilizochapwa kwenye karatasi angavu. Lakini kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 1985, California, kwa kampuni iliyoitwa Etak. Mwanzilishi wake, Stan Honey, alikuwa baharia wa mashindano, na pesa za kuanzia zilitoka kwa Nolan Bushnell, yule wa Atari. Kifaa chao, Navigator, kilihifadhi ramani kwenye kaseti, naam, kaseti kama zile za mzee nyumbani, na kilijua gari liko wapi kwa dira na vihisi vya magurudumu. Setilaiti hazikuhusika.

Jina la kampuni lina kisa chake. Etak ni neno la mabaharia wa visiwa vya Caroline, Pasifiki. Nahodha akitoka kisiwa kimoja kwenda kingine, huchagua kisiwa cha tatu kilichoko pembeni, ambacho mara nyingi hata hakionekani, na kupima safari kwa jinsi kisiwa hicho kinavyosogea chini ya nyota hii hadi ile. Akilini mwake mtumbwi umetulia, dunia ndiyo inayompita. Ukikaa dirishani kwenye matatu utaelewa mara moja. Mashine ya Honey ilichukua nusu ya wazo hilo: gari lilitulia katikati ya skrini, ramani ikazunguka. Ile nusu nyingine, kisiwa cha pembeni cha kukushika mkono, ilibaki baharini. Kwenye skrini kulikuwa na mistari ya kijani peke yake, na ili uione ilibidi uitazame.

Waliorudisha sauti ni watu wawili wa MIT, Jim Davis na Chris Schmandt. Mradi wao wa mwaka 1989 waliuita Back Seat Driver, kwa jina la yule abiria wa kiti cha nyuma anayemfundisha dere kuendesha gari lake mwenyewe. Kila familia ya Kenya inaye. Kompyuta zilibaki maabara. Sauti ilisafiri kwa simu ya mkononi hadi ndani ya gari lililokuwa likizunguka mitaa ya Cambridge na Boston. Hakukuwa na ramani ya kutazama. Davis alijishughulisha na mambo ambayo abiria mwema huyafanya bila kufikiri: useme mapema kiasi gani gari likiwa na kasi, uchague maneno gani dereva akikosea ili asijione mjinga, na ueleze kona kwa kitu kinachoonekana, mathalani taa za trafiki, badala ya kumhesabia umbali tu. Yule mama wa Muthurwa angefaulu mtihani huo bila kusoma.

Kwa nini basi simu zetu hazikurithi hilo? Jibu ni la kibiashara. Usiku wa kuamkia 2 Mei 2000, Marekani iliacha kuharibu kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na usahihi ukaongezeka karibu mara kumi. Ghafla kila kifaa kingeweza kujua kiko wapi, na umbali hadi kona ukawa hesabu ya bure. Mita hazina gharama. Alama zina gharama: lazima mtu aende aone kama duka la mbao lipo, linaonekana kutoka upande upi, usiku lina taa au halina, na mwaka ujao arudi aangalie kama halijabomolewa. Kampuni zilichagua cha bure. Gharama ikahamia kwa macho ya dereva.

Na macho hayo yanaweza kuhesabiwa. Ukienda kilomita 50 kwa saa, sekunde mbili za kutazama skrini ni karibu mita 28. Mita 28 ukiwa umefumba macho. Mwongozo wa usalama barabarani wa Marekani wa mwaka 2013 uliweka sekunde hizo mbili kuwa kikomo cha kila mtazamo mmoja, na mimi nakwambia, kwa Spine Road saa mbili usiku, sekunde mbili ni nyingi mno.

Uingereza ndiko walikopima suala lenyewe. Gary Burnett wa Nottingham aliandika mwaka 2000 kwamba vifaa vya magari vinahitaji alama, sio umbali tu. Mwaka 2006 Andrew May na Tracy Ross wa Loughborough wakachapisha matokeo ya madereva waliopelekwa barabarani: waliopewa alama nzuri walikosea kona mara chache na walitazama skrini mara chache kuliko waliopewa umbali. Neno "nzuri" hapo lina uzito. Alama nzuri inaonekana kutoka mbali, iko kwenye kona yenyewe, haifanani na jirani yake, inatajwa kwa maneno machache, na haihami. Ukimwambia mtu Nairobi akate kona kwa M-Pesa, umempoteza. Zipo kila hatua tano.

India ikafuata. Mwaka 2009 Google walianza kuweka alama kwenye maelekezo yao ya huko, baada ya watafiti wao kufanya jambo ambalo ningependa kulipwa kulifanya: walipigia maduka simu wakiuliza njia, wakasikiliza. Waligundua kwamba watu hutaja alama kwa kazi tofauti. Kuna ya kukupa mwelekeo mwanzoni, ya kukuonyesha kona, na ya kukutuliza katikati ya safari kwamba bado uko njiani. Halafu kuna ya kukwambia umezidisha. Niliposoma hiyo ya mwisho nilicheka peke yangu. Ukiona daraja, umepita.

Kwetu vipande vya jambo hili vipo. Ramani ya Digital Matatus ya mwaka 2014, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani, ilichora njia za matatu kwa steji ambazo wasafiri wenyewe huzitaja. OkHi walianzia hapa Nairobi na wazo kwamba anwani ya mtu ni picha ya geti lake. Sauti ya Kiswahili nayo ipo kwenye simu, ila Kiswahili chenyewe bado kinahesabu mita.

Sitaki kujifanya ni rahisi. Kanuni ya "haihami" inavunjika Nairobi kila siku, na kwa namna ya ajabu: kitu kinaondoka, jina linabaki kazini. Allsopps ilikuwa kiwanda cha bia. Odeon ilikuwa sinema. Hoteli ya Hilton ilifungwa mwisho wa 2022 na jioni hii kuna mtu anapanga kukutana na mwenzake "hapo Hilton." Nakumatt zimekufa zote lakini muulize dere yeyote. Mara moja moja alama huokolewa: mwaka 2020 barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way uliponea kwa amri ya rais. Mashine ikimwambia mgeni akate kona Allsopps, mgeni ataendelea kutafuta kiwanda hadi Ruiru. Kwa hivyo mtu atakayeitengeneza sauti yetu itabidi ajue alama zinazoonekana na zile zinazokumbukwa, na ajue anaongea na nani. Konda hujua. Akiona begi lako na viatu vyako, tayari ameamua akuambie "Odeon" au "pale penye matatu nyingi."

Miezi miwili baada ya ule usiku, nilibeba kijana mmoja kuelekea mtaa uleule. Spine Road ilikuwa imejaa, mvua inanyesha, simu nimeilaza uso chini kwenye kiti cha pembeni. Duka la mbao halikuwepo. Mlango wa kijani ulikuwa umepakwa rangi nyekundu na juu yake kibao cha kuuza pombe kinawaka taa.

"Boss," akasema kijana, bila kuinua macho kutoka kwa simu yake, "ingia hapo kwa mbao."

Nikaingia.